Kumchagulia mtoto vifaa vya sanaa unapomsomesha nyumbani: hatua kwa hatua

Mwanangu wa kati alikuwa na miaka 6 alipoweka burashi chini akaniambia, "Mama, mkono wangu haujui kuchora." Alikuwa anachora bahari. Kisanduku chake kilikuwa na rangi 24 za maji, vile vidonge vidogo vya kulowesha, na nilikinunua kwa furaha mwanzoni mwa muhula. Nikaichukua burashi ile ile, nikaichovya, nikasugua kidonge cha buluu mara ishirini. Kilichotoka ni maji yenye kivuli cha buluu tu, na karatasi ya fotokopi ilikuwa imeshaanza kuchambuka na kutoboka katikati. Mkono wa mwanangu haukuwa na kosa lolote.

Huu ni mwaka wa nane nasomesha wanangu watatu nyumbani, hapa Mombasa, na Jumamosi huwafundisha sanaa watoto wa majirani barazani. Nimekuja kuamini hivi: kifaa kibovu humdanganya mtoto kuhusu uwezo wake mwenyewe, naye huamini. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea mahali pamoja: kununua vitu vichache vinavyofanya kazi na kuviacha vingi vinavyopendeza macho dukani.

Hatua ya 1: Mtazame wiki nzima kabla ya kwenda dukani

Mpe kalamu yoyote iliyopo na kipande cha boksi, kisha angalia mwili wake unavyofanya kazi. Mtoto wa miaka 2 au 3 huchora kwa bega, mkono mzima unazunguka. Huyo anataka kreyoni nene na karatasi kubwa iliyobandikwa sakafuni kwa selotepu. Wa miaka 4 hadi 6 ameanza kuchora mtu: duara lenye macho, na miguu inatoka moja kwa moja kichwani. Usimrekebishe, karibu watoto wote hupita hapo. Mpe rangi nzito, burashi nene na udongo wa kufinyanga. Akifika miaka 9 au 10 utamsikia akilalamika kwamba mbuzi wake hafanani na mbuzi. Huo ndio wakati wa penseli laini na mkaa, kwa sababu sasa anataka kuona kivuli kinaangukia wapi.

Kama una watoto wa umri tofauti meza moja, nunua kwa ajili ya mkubwa na mdogo kisha wa kati ataokota pande zote mbili.

Hatua ya 2: Pesa ya kwanza iende kwenye karatasi

Wazazi wengi hufanya kinyume: rangi ya bei, karatasi ya bure. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Kwa penseli na kreyoni inatosha kabisa. Ukiipaka maji inajikunja kama jani kavu, rangi inakusanyika kwenye mabonde, na mtoto anadhani amekosea. Kwa rangi nzito za maji tafuta gramu 160 kwenda juu. Karatasi za rangi ya maji zenyewe huwa za gramu 300, lakini kwa mtoto mdogo hiyo ni gharama isiyo na haja.

Mimi hununua manila kubwa nyeupe na kuikata vipande vinne. Kabla ya kulipa, omba kipande au ukingo uliochanika, lowesha kidole, sugua sehemu moja mara kumi. Ikianza kutoa vijidonge vya karatasi chini ya kidole, iache hapo hapo dukani.

Ya mazoezi usiinunue. Nenda kwa wachapishaji wa vitabu na kadi uulize mabaki ya kukatia. Mara nyingi hutupwa, na mengine ni karatasi nzito nzuri kuliko ya dukani. Boksi la kaki likikatwa vizuri ni ubao mzuri wa rangi, na ile rangi yake ya udongo humfundisha mtoto kutumia nyeupe, jambo ambalo karatasi nyeupe haiwezi kumfundisha.

Kwa mkubwa anayetaka kupaka picha ya kutundikwa, nunua yadi ya merikani. Mwambie seremala akutengenezee fremu ya mbao nyepesi, kivute kitambaa ukigongomee nyuma, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye pembe. Kisha pakaza mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, ikauke vizuri kati ya mkono na mkono. Ikikauka, kigonge kwa vidole: kikilia kama ngoma, kiko tayari.

Hatua ya 3: Rangi tano

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Nunua chupa tano za rangi nzito za maji: njano, nyekundu, buluu, nyeupe na nyeusi. Lakini angalia nyekundu yako ni ipi. Nyekundu ya nyanya iliyoiva ina njano ndani yake. Ukiichanganya na buluu hupati zambarau, unapata kahawia iliyochoka, na mtoto aliyeambiwa "nyekundu na buluu ni zambarau" atadhani ameharibu yeye. Nyekundu unayoitaka kwa zambarau ni ile inayoelekea waridi, rangi ya maua ya bogenvilia. Wachapishaji huiita majenta. Ukitaka kumwonyesha mtoto, mpeleke saiba, duka la intaneti na kuchapisha, wakati mtu wa printa anafungua mashine: ataona njano, majenta, buluu ya kuelekea kijani, na nyeusi. Picha zote zinazotoka pale zimetokana na hizo nne. Ukiweza, nunua nyekundu zote mbili. Hiyo ndiyo chupa ya sita ninayoikubali.

Trei ya mayai ndiyo sahani ya kuchanganyia, ile ya plastiki, si ya karatasi. Weka tone la ukubwa wa harage katika kila shimo. Mtoto akimaliza anaongezewa. Ukimpa chupa nzima, nusu saa tu zote zitakuwa tope.

Zoezi la kwanza ninalowapa wote, hata wa miaka 5, ni rangi ya ngozi yao wenyewe. Visanduku vingi vina kreyoni moja ya rangi ya ngozi, na ni ya waridi hafifu ambayo hapa kwetu nyumbani haina mwenyewe. Anza na njano nyingi, tia nyekundu kidogo, halafu buluu kwa ncha tu ya burashi. Inakuwa kahawia. Pakaza tone dogo kwenye karatasi, iweke karatasi juu ya mkono wa mtoto, mtazame pamoja. Ni nyekundu mno? Ongeza buluu chembe. Ni nzito mno? Njano, au nyeupe kidogo. Binti yangu mdogo alifanya hivyo kwa mkono wake, akaenda kwa wa nyanya yake aliyekuwa anachambua mchele, akarudi, akaenda kwa wa baba yake, na mwisho alikuwa na safu ya kahawia saba, kila moja ina jina la mtu. Zilining'inia ukutani mwaka mzima. Kisanduku cha rangi 24 hakiwezi kumpa mtoto jambo hilo.

Ukilazimika kununua vidonge vya rangi ya maji, jaribu kimoja: kidole chenye maji, pitisha mara moja, futa kwenye karatasi. Rangi ionekane kwa mpigo wa kwanza. Kreyoni nayo iparuze nyuma ya risiti. Ikiteleza kama mshumaa bila kuacha rangi, hiyo ni nta tu.

Hatua ya 4: Burashi na penseli

Haraka hapa. Burashi mbili kwa kila mtoto: moja bapa ya upana wa vidole viwili kama ile ndogo ya mafundi rangi, na moja ya mviringo yenye ncha. Vuta manyoya taratibu dukani. Yakitoka mkononi, yatatoka kwenye picha. Penseli: HB ya kuandikia, 2B na 4B za kuchorea. Itazame kwa nyuma. Ule uti mweusi wa kuandikia ukiwa haujakaa katikati ya mti, utavunjika kila ukichonga.

Mkaa wa kuchorea tengeneza mwenyewe. Menya vijiti vikavu vyembamba, vipange ndani ya kopo la bati lenye kifuniko ulichotoboa tundu moja dogo, weka juu ya jiko nje ya nyumba. Moshi utatoka kwa nguvu tunduni. Ukikoma, epua, lakini usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, la sivyo hewa itaingia na vijiti vitaendelea kuungua mpaka majivu. Kazi ya moto ni ya mtu mzima. Mtoto asimame mbali ahesabu dakika.

Hatua ya 5: Udongo wa kufinyanga

Uliza wanawake wanaofinyanga vyungu, utapata udongo uliokwisha kuchekechwa kwa bei ndogo mno ukilinganisha na ule wa pakiti. Jaribio lake: uviringishe uwe kamba nene kama kidole, kisha uzungushe kidoleni. Ukipasuka pasuka, una mchanga mwingi au umekauka. Ukizunguka bila kupasuka, mwanao atafinyanga nao. Uhifadhi ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu yake kitambaa chenye maji.

Donge la unga hutajwa sana: vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka lishikane. Ni zuri kwa alasiri moja. Kwa sisi wa Pwani halidumu, kwa sababu chumvi hunyonya unyevu wa hewa na baada ya wiki kadhaa ndege wako anaanza kulegea shingo.

Hatua ya 6: Soma lebo, kisha nusa

Rangi za watoto zinazouzwa Ulaya hufuata kanuni ya usalama wa vichezeo ya EN 71, na nyingi za Marekani huwa na muhuri wa AP kuonyesha hazina sumu. Tafuta alama hizo, lakini pia fungua kifuniko unuse. Harufu kali ya kupanda kichwani ni ya viyeyusho, na kalamu au gundi ya namna hiyo haifai chumba chenye mtoto. Rangi ya mafuta ya ukutani na ya milango isikaribie meza ya watoto, hasa makopo ya zamani, ambayo huweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu.

Kuna jingine la nyumbani kwetu. Hina ni kifaa kizuri cha sanaa: mtoto wa miaka 8 akijifunza kuminya koni na kuchora maua juu ya karatasi au chupa, vidole vyake hupata nguvu na utulivu ambao penseli haiwezi kumpa. Lakini iwe hina ya majani. Piko jeusi lina dawa ya kutilia nywele rangi, nayo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Usimpake mtoto hata siku ya Idi.

Hatua ya 7: Chagua vya kutazama

Mtoto asiyetazama kazi za wengine huishiwa haraka. Mimi huchukua msanii au aina moja ya kazi kwa muhula mzima, picha sita hivi, moja kila wiki mbili. Tunaitazama kimya dakika tatu, naigeuza, kisha wananieleza walichokiona.

Tumeanza na leso. Itandaze sakafuni: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina, yaani ule msemo wake, limekaa chini ya mji. Watoto wamewahi kuiona maisha yao yote, ila hawajaitazama. Kisha wanachapa yao juu ya merikani kwa bamia iliyokatwa kwa kukingama, ambayo hutoa nyota yenye pembe, na kiazi kilichochongwa. Ikabidi kila mmoja atunge jina lake. Muhula mwingine ulikuwa wa milango ya Mji wa Kale: tulichukua karatasi nyepesi na kreyoni, tukaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, tukaparuza juu ya nakshi mpaka ua likatokea kwenye karatasi. Mwingine tukaufanya wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka wanyama kwa rangi za kung'aa juu ya bodi jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Watoto hushangaa kwamba aliyeanzisha mtindo wote ule alipaka kwa miaka michache tu.

Kwa picha za mbali, makumbusho ya The Met ya New York yamefungua picha zake nyingi tangu 2017. Unaruhusiwa kupakua na kuchapisha bila malipo. Pakua unapokuwa na intaneti nzuri, chapisha moja moja kwa rangi, karatasi nzito. Skrini ya simu ni ndogo mno kwa watoto watatu kugombania.

Hatua ya 8: Kuweka na kujaza tena

Chupa zikae chini, burashi zisimame manyoya juu. Shati kuukuu la baba likivaliwa nyuma mbele ndiyo aproni. Picha iliyokauka andika nyuma tarehe kwa penseli na maneno aliyoyasema mtoto kuihusu, kisha zilaze kati ya maboksi mawili mbali na ukuta wenye unyevu.

Nyeupe huisha kwanza, njano inafuata, na nyeusi itabaki nusu chupa mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo safari ya pili dukani, nunua nyeupe mbili.