Kumchagua diwani Mwanza: kuanzia daftari hadi kiti cha meya

Kabla hujafikiria utamchagua nani, jua kwanza uko halmashauri ipi. Mji tunaouita Mwanza una halmashauri mbili zinazopakana: Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ambayo ndiyo Wilaya ya Nyamagana na ina kata 18, na Manispaa ya Ilemela yenye kata 19, iliyogawanywa kutoka Jiji mwaka 2012. Pamba, Isamilo, Mirongo, Igogo, Mkolani, Butimba, Igoma na Buhongwa ni Jiji. Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Nyamanoro, Nyakato na Buswelu ni Ilemela. Mkazi wa Kirumba anaweza kuamka kila siku akashuka kufanya kazi sokoni mjini kati, lakini diwani wake haketi na madiwani wa Jiji na meya wake si meya wa Jiji. Malalamiko mengi yanapotea njiani kwa sababu hii tu: barua imepelekwa halmashauri isiyohusika.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kwamba kuna chaguzi mbili, na kila moja ina daftari lake.

Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, unaosimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Daftari lake liliandikwa upya mtaani, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba mwaka huo, na lilikuwa la uchaguzi huo peke yake. Wengi walikaa nyumbani wakijiamini kwa kuwa wana kadi ya mpiga kura, kumbe kadi ile ni ya daftari lingine. Diwani huchaguliwa kwenye uchaguzi mkuu, siku moja na Rais na mbunge, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hapo ndipo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura na kadi yako vinapofanya kazi. Uchaguzi mkuu uliopita ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025, na chaguzi zote mbili hurudi kila baada ya miaka mitano.

Ukiwa na umri wa miaka 18 au utautimiza kufikia siku ya kura, unaandikishwa. Shida kubwa ya mji kama huu ni kuhama. Mtu alijiandikisha Igoma akiwa mpangaji, sasa amejenga Buswelu. Asipohamisha taarifa zake, jina lake linabaki Igoma, na kule Buswelu hatakuwa na kura ya diwani hata kama anachangia kila harambee ya barabara. Daftari huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na dirisha hilo hukaa wazi siku chache tu kwa kila mkoa. Unaweza kuanza kurekebisha taarifa kwa simu kupitia mfumo wa Tume kwenye intaneti, lakini lazima ufike kituoni ili ukamilishe na kuchukua kadi mpya.

Wavuvi na wachuuzi wa dagaa wanahitaji kulipangia jambo hili mapema kuliko wengine. Anayefanya kazi kambini Ukerewe au kwenye visiwa vya Sengerema huku familia ikiwa Kirumba aamue mapema ajiandikishe wapi, kwa kujiuliza siku ya kura atakuwa wapi. Ziwa likichafuka asubuhi ile, hakuna wa kumngoja.

Anayetaka kugombea udiwani awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa chenye usajili. Mgombea binafsi hayupo katika sheria yetu. Fomu za uteuzi huchukuliwa na kurudishwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata, zikiwa na saini za wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kupiga kura ndani ya kata hiyo hiyo. Hapa ndipo fomu nyingi huharibika: mdhamini ni jirani kweli, ila kadi yake ni ya kata nyingine, au namba imenakiliwa vibaya. Tafuta wadhamini wa ziada, shika kila kadi mkononi unapoandika namba, na usisubiri siku ya mwisho saa ya mwisho. Akibaki mgombea mmoja, hapiti bila kupingwa kama zamani. Wananchi humpigia kura ya ndiyo au hapana.

Siku ya kura, vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliye kwenye foleni saa 10 ikigonga hupiga kura. Anayefika baadaye haruhusiwi kujiunga na mstari. Siku chache kabla, nenda ukatazame orodha iliyobandikwa kituoni. Shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo kadhaa, na watu hupoteza saa nzima kwenye mstari usio wao. Kadi ikipotea, jua kwamba uchaguzi uliopita waliopoteza kadi waliruhusiwa kutumia kitambulisho cha taifa (NIDA), pasipoti au leseni ya udereva, ilimradi majina yafanane na yaliyo daftarini. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu hawapangi foleni. Asiyeona anaweza kuomba kifaa cha nukta nundu au kuja na mtu anayemwamini.

Utapewa karatasi tatu: Rais, mbunge na diwani. Ingia peke yako kwenye kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura, weka alama ya vema kwenye nafasi ya mgombea mmoja tu, kunja, kisha tumbukiza kila karatasi kwenye sanduku lake. Alama kwa wagombea wawili inaiharibu kura. Kuandika jina lako au kitu chochote kinachokutambulisha, vilevile. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine. Ni haki yako. Tunasisitiza karatasi ya tatu kwa sababu watu huifanyia haraka, wakati ndiyo inayoamua nani ataulizwa kuhusu mitaro na taka za mtaani kwako.

Kura huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala. Chama kisichopeleka wakala mwenye barua na aliyekula kiapo mapema hakina jicho mle ndani. Wakala asiondoke bila nakala ya fomu ya matokeo, na nakala nyingine hubandikwa nje ambapo yeyote anaweza kuisoma. Ya udiwani hujumlishwa ngazi ya kata. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama hazifiki nusu.

Meya humchagui wewe. Madiwani wa kata, mbunge wa jimbo na madiwani wanawake wa viti maalum, ambao majina yao hutoka kwenye orodha za vyama, humchagua kwa kura ya siri miongoni mwa madiwani. Meya hukaa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi, anayeshika utendaji na kuwa katibu wa baraza, huteuliwa na Rais.

Baada ya hapo diwani anapatikana wapi? Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wenyeviti wa mitaa ni wajumbe na mtendaji wa kata ni katibu. Peleka hoja yako kwa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, nakala kwa mtendaji, na uombe iingie kwenye ajenda ya kikao kijacho. Baraza la madiwani nalo hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Ulizia tarehe ofisi ya kata, ufike, ukae viti vya nyuma, usikie kama kata yako imetajwa.