SOMO: Dawa zilizoisha muda msimwage chooni, fanyeni hivi

Assalam aleikum jamani. Juzi nimefungua droo ya mamaangu chini ya tivi, walahi nilichoka. Vidonge vya presha vya 2021, antibiotiki ya maji nusu chupa mdomo umeganda sisimizi wamejaa, na vidonge vyeupe ndani ya bahasha ya kaki haina hata jina. Akaniambia "vimwage chooni tu mwanangu". Ndo hapo nikaona niandike.

1. Mwaga zote kwenye sinia usome EXP, yaani tarehe ya kuisha muda. Ikiwa ni mwezi na mwaka tu, hesabu mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Lakini hiyo ni tarehe ya dawa haijafunguliwa, dawa ya macho nyingi zake ni wiki nne tangu uifungue, na ile antibiotiki ya watoto ya kuchanganya na maji ni wiki moja au mbili kulingana na maandishi ya chupa, basi, hata kama tarehe ya juu bado. Isiyo na jina usikisie, iingie kwa za kutupa.

2. Peleka kemisti au hospitali. Wao zao huchomwa kwenye tanuri la moto mkali. Mimi kemisti ya kwanza walinitazama kama nimewaletea uchawi, ya pili nikamuulizia mfamasia mwenyewe akazipokea.

3. Umekataliwa kote? Toa vidonge kwenye pakiti, usivisage (vumbi lake utalivuta wewe), changanya na jivu la jiko au mabaki ya kahawa, tia maji kidogo ichafuke mtu asitamani, funga kwenye kopo lenye kifuniko, tupa siku gari la taka linapita. Machicha ya nazi hapana! Kuku wa jirani watakuja kudonoa halafu mkosane bure.

4. Chana jina lako kwenye lebo.

Kuhusu choo, majumba mengi huku kwetu Mombasa ni shimo au septiki na kisima kiko hatua chache tu, na huu mwamba wa matumbawe unapitisha maji kama chujio la chai. Antibiotiki ikifika huko chini inawafundisha vijidudu kuizoea, halafu ukiugua kweli haikusaidii.

MASWALI

Swali (Kisauni): Nikichoma uani pamoja na taka je?
Jibu: La, ule moshi wa plastiki na dawa mtauvuta nyinyi na watoto. Inhela ya pumu ndo kabisa, motoni inalipuka.

Swali (Likoni): Sindano za insulini za baba?
Jibu: Usizitie kwenye mfuko wa taka, zitamchoma mzoa taka. Tia kwenye chupa ngumu kama ya Jik, funga, mpeleke nayo siku yake ya kliniki.

Swali (Majengo): Marehemu nyanya ameacha mofini ya maji (ile dawa kali ya maumivu) aliyopewa hospitali, shangazi anasema tumpe jirani anaumwa mgongo.
Jibu: Pole sana kwa msiba. Lakini hapana, hiyo inaweza kumzuia mtu pumzi. Irudisheni hospitali iliyoitoa, leo si kesho.

Swali (Bamburi): Bi mkubwa alikubali kweli mzitupe?
Jibu: Zote, isipokuwa tyubu moja ya kuchua mgongo. Jana nimeiona chini ya mto wake 😂