Namna ya Kuwaombea Viongozi wa Kanisa Uadilifu na Toba

Maombi mengi tunayowafanyia maaskofu, wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa huishia kwenye afya, safari njema na upako mpya. Hayo si mabaya, lakini hayagusi mahali ambapo viongozi wengi huanguka, yaani fedha, zinaa na madaraka. Anayetaka kuwaombea uadilifu hana budi kuyataja mambo hayo waziwazi mbele za Mungu. Tena akubali mapema kwamba kuomba toba ni kuomba yaliyofichwa yaletwe nuruni, hata kama kuletwa huko kutauumiza usharika mzima.

Anzeni na toba yenu wenyewe. Danieli alipoomba kwa ajili ya taifa lake, katika sura ya 9 ya kitabu chake, aliungama pia dhambi za wafalme na wakuu, lakini alisema "tumefanya dhambi", akajihesabu pamoja nao. Sisi nasi tuna mengi ya kuungama. Tumewashangilia wachungaji kwa magari yao bila kuuliza fedha zimetoka wapi, tumewaachia wanasiasa madhabahu kwa sababu ya bahasha ya harambee, na mweka hazina aliyedai stakabadhi tumemwita mkorofi. Kiongozi akianguka katikati ya watu wasiouliza swali, watu hao nao wana sehemu yao katika anguko lile. Lisemeni hilo kwa sauti katika kikundi chenu kabla ya kutaja jina la kiongozi yeyote.

Baada ya hapo fungueni 1 Timotheo 3:1–7 na Tito 1:5–9, ambako sifa za askofu na mzee zimeorodheshwa, mkageuze kila sifa kuwa ombi lenye jina la mtu. Msiridhike na kusema "Bwana, mpe uaminifu". Kuhusu fedha, kumbukeni kwamba Paulo mwenyewe, aliposimamia mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuwa peke yake nao. Alitaka ndugu wengine waandamane nao, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu (2 Wakorintho 8:18–21). Basi mnaweza kuomba hivi: "Ee Bwana, umpe mchungaji wetu moyo wa kupenda hesabu zilizo wazi. Sadaka ihesabiwe mezani na watu wasiopungua wawili, iandikwe na kutiwa sahihi kabla haijatoka chumbani, wala yeye asione kwamba tumemdhania vibaya." Kuhusu mwili, ombeni juu ya ushauri anaoutoa faraghani, ujumbe anaouandika kwenye simu usiku, na ndoa yake nyumbani ambako hakuna mshirika anayemwona. Kuhusu madaraka, ombeni aweze kuambiwa "hapana" na baraza la wazee bila kulipiza kisasi, na muda wake ukiisha kwa mujibu wa katiba ya kanisa, aondoke.

Maombi ya namna hii hujibiwa kwa matendo yanayoonekana. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto jijini Nairobi, likataka zirudishwe. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za Kenya, lakini uamuzi kama huo ndio tunaopaswa kuuomba katika makanisa yetu, nao unahitaji ujasiri, kwa kuwa paa lisilokwisha na kwaya isiyo na sare hubaki vilevile.

Kwa kiongozi aliyekwisha kuanguka, ombeni apate Nathani. Daudi hakutubu kwa sababu watu walinung'unika mtaani. Alitubu nabii alipoingia kwake na kumwambia ana kwa ana, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Mwombeeni mtu wa kumfikia, na muwe tayari mtu huyo akatoka miongoni mwenu. Kisha ombeni toba yenyewe, si machozi ya Jumapili moja. Zakayo alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulijulikana kwa jambo hilohilo: watu waliungama wazi na kurudisha vitu walivyoiba. Toba ile haikuwaacha nje viongozi. Joe Church, daktari mmisionari, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika vuguvugu lililofuata wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Kutembea nuruni kulimhusu mwenye kola kama kulivyomhusu mpishi wake.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni umbea unaojifunika maombi. Mtu husimama katika mkesha na kusema, "Tumwombee mchungaji, mnajua wenyewe habari za yule dada wa kwaya," na kabla ya "amina" ujumbe umekwisha kutumwa kwenye simu. Kiongozi wa maombi amkatize kwa upole papo hapo na kumwelekeza kwenye njia iliyoandikwa: mashtaka juu ya mzee yapokewe kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19–20). Aya hizo mbili husomwa pamoja. Anayeishika ya kwanza na kuiacha ya pili huwalinda wakosaji.

Hatari ya pili ni kinyume chake, yaani watu kunyamazishwa kwa kutajiwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu" (wapakwa mafuta wangu), kana kwamba inakataza kumhoji kiongozi. Someni zaburi ile tangu mstari wa 8. Inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga taifa hata taifa, Mungu akawakemea wafalme wasiwadhulumu. Imesemwa kuwakinga wanyonge dhidi ya wenye nguvu, na ni dhuluma kuigeuza ngao ya mwenye nguvu.

Tena maombi hayachukui nafasi ya sheria. Mtoto akiwa amedhulumiwa na kiongozi, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Nchini Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya msaada kwa watoto inapatikana Tanzania na Kenya. Kikao cha suluhu ofisini kwa askofu hakitoshi. Katika maombi yenyewe, waliodhulumiwa watangulie, kisha mke au mume wa mkosaji na watoto wake, naye mwenyewe baadaye. Akitubu kweli, msamaha apewe. Madhabahu si lazima arudishiwe, na ombeni awe na unyenyekevu wa kukubali hivyo.

Wako pia viongozi ambao hamjasikia lolote baya juu yao, na hao ndio husahauliwa zaidi. Yesu alimwombea Petro kabla hajamkana, akamwambia, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike" (Luka 22:32). Chagueni watu wawili wanaojua kutunza siri, waende kwa kiongozi wenu wamuulize, "Baba mchungaji, tukuombee katika jaribu gani?" Jibu lake lisiandikwe popote wala lisifike kwenye kundi la simu. Akisema hana jaribu lolote, ombeni vivyo hivyo, na baada ya miezi kadhaa wamuulize tena.