Ziwa Duluti: wahi asubuhi
Kama uko Arusha na unataka matembezi yasiyoumiza magoti, panda daladala ushuke Tengeru, uulizie Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta, na njia yake inapita msituni ukingoni mwa maji; hata watoto wanaimudu. Kiingilio unalipa getini. Wahi asubuhi kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru: penye mwanya wa miti utakiona kilele, zaidi ya mita 4,500, kimesimama juu ya maji. Kilimanjaro ni bahati yako. Vaa viatu vinavyoshika, maana mizizi iliyolowa huteleza vibaya. Ukikuta kenge anaota jua njiani, mpishe tu. Na ukienda Jumamosi, pitia soko la Tengeru ukanunue ndizi.