Ukiona "sawa" tu kwenye grupu la mradi, usishangilie

Kama unaongoza mradi wa watu wanaojitolea, huna mshahara wa kumkata mtu wala barua ya onyo, wako hapo kwa sababu wanataka tu. Waswahili wanasema akufukuzae hakwambii toka, sasa kwenye miradi kama hii hata anayeondoka hakwambii naondoka, anaanza tu kujibu "sawa".

Mi yalinikuta. Tulikuwa na dada mmoja kwenye mradi wa kutafsiri programu, akiona kitu hakijakaa vizuri anakuandikia aya tatu na skrinshoti juu. Usiku mmoja nikabadilisha orodha yake ya maneno bila kumuuliza, asubuhi nikatangaza kwenye grupu, akajibu "sawa." na nukta kabisa. Nikaona poa, tumeelewana. Wiki mbili baadae hayupo, na ndo nikajua ni kazi kiasi gani alikuwa amezibeba peke yake.

So ukiona mtu wa maneno mengi ameanza kuandika kwa mkato, mfate inboksi, sio mbele za watu. Usimuulize "kuna tatizo?" manake jibu lake linajulikana, "hamna". Uliza kitu chenyewe: "Dada, kwenye ile orodha niliyoibadilisha, kipi kimekukera zaidi?" halafu nyamaza. Hapo ndo pagumu, kama ni simu vumilia ule ukimya hata kama unawasha, kama ni meseji na unaona anaandika anafuta anaandika tena, we tulia, usimuwahi.

Akimaliza usijitetee, hata kama una sababu nzuri (utakuwa nayo, sote huwa tunayo). Kwanza mrudishie alichosema kwa maneno yako: "kwahiyo shida sio mabadiliko, shida ni kwamba umeyakuta kama mgeni, nimekupata?" Mara nyingi atakurekebisha, na kwenye hayo marekebisho ndo linatoka lile jambo lenyewe. Hii sio fasheni ya juzi, wanasaikolojia Carl Rogers na Richard Farson waliandika kuihusu tangu 1957. Ila usigeuke kasuku, mtu akishtukia unamfanyia mbinu anarudi kwenye "sawa" yake.

Na kumsikiliza sio kumkubalia kila kitu. Wazo lake unaweza ukalikataa, ila mwambie kwanini, na mwambie kipi umekichukua, kisha ukifanye kweli wiki hiyohiyo.

Kama unajiona we ni mkali kwa asili na huwezi kubadilika, mkumbuke Linus Torvalds. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliianzisha 1991, akawa maarufu pia kwa barua pepe za kuwachana watu, mpaka Septemba 2018 akaomba radhi hadharani na kukaa pembeni kidogo ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Oktoba akarudi kazini. Miaka 27 ndani ya mradi, na mradi haukufa kwa yeye kusema samahani.

Yule dada nilikuja kumwandikia baada ya miezi, nikamuuliza swali moja tu, akajibu aya nne. Kurudi hakurudi. Ila orodha yake niliirudisha, na siku hizi mtu akitaka kuigusa anasema siku tatu kabla, mimi nikiwemo.