Kabla hujabadilisha nenosiri la WiFi ya nyumbani

Kubadilisha nenosiri lenyewe ni kazi ya dakika mbili. Unafungua ukurasa wa ruta, unafuta la zamani, unaandika jipya, unahifadhi, basi. Kinachokula Jumapili nzima ni yale yanayofuata kama hukujipanga: runinga imegoma, printa haionekani, bibi anauliza kutoka chumbani kama hela ya intaneti imekwisha, na kamera ya getini imezima kimya kimya bila mtu kujua mpaka siku ya tatu. Hilo la kamera lilinikuta mimi. Tangu siku hiyo sigusi ruta bila karatasi na kalamu.

Nenosiri la WiFi lina wategemezi, na wengi wao hawana mdomo. Simu italalamika, na mtoto atalalamika kabla ya simu. Lakini kamera, plagi janja na printa vitakaa pale na taa zao zinawaka, vikijaribu nenosiri la zamani usiku kucha. Kwa hiyo anza na sensa. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha pita chumba kwa chumba ukilinganisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta vifaa 14, na nyumbani tuko watano. Nikaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Tulipokaa kuhesabu: simu sita, maana mmoja wetu anatembea na mbili, laptopu mbili, runinga, kisimbuzi, printa, kamera mbili. Hapo ni 13. Wa 14 alikuwa tableti ya mtoto, imechomekwa kwenye chaji nyuma ya kochi tangu likizo. Jirani wa watu hana kosa.

Majina yaliyo kwenye orodha hiyo usiyaamini sana. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hujitambulisha kwa anwani ya kubuni badala ya ile waliyozaliwa nayo kiwandani, hivyo unaweza kukuta mstari wa herufi na tarakimu usiojua ni wa nani. Njia ya kienyeji inatosha: zima WiFi kwenye simu moja, subiri kidogo, fungua orodha upya uone nani katoweka.

Ukishajua wategemezi ni akina nani, uliza kila mmoja hupewaje nenosiri jipya. Hapa ndipo nilipoumia. Kamera yetu ya getini ilisajiliwa na fundi siku aliyoifunga, na programu yake aliiweka kwenye simu ya mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nilipobadilisha nenosiri mdogo wangu alishahamia Mwanza kikazi. Kamera ya aina ile hupokea nenosiri kwa kusoma mchoro wa QR unaoonyeshwa na programu kwenye kioo cha simu, na akaunti iliyoisajili ndiyo yenye idhini. Basi ikawa hivi: mdogo wangu ananisomea tarakimu za uthibitisho kwa simu, mimi niko juu ya ngazi ya kuazima, jua la saa saba la Dar es Salaam linanichoma utosini, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeinua simu mbele ya jicho la kamera, sogeza mbele, rudisha nyuma, mpaka ilipolia mlio wake mdogo. Ningeuliza swali moja kabla, "hii kamera akaunti yake ni ya nani?", nisingepanda ngazi mara tatu.

Jingine kuhusu vifaa hivi: kamera za bei nafuu na plagi janja nyingi hushika mawimbi ya 2.4 GHz tu, hazioni ya 5 GHz. Kama ruta yako inatoa mitandao miwili yenye majina tofauti, hakikisha simu unayotumia kuvisajili iko kwenye ule wa 2.4. Na mitandao ikiwa miwili, mara nyingi kila mmoja una kisanduku chake cha nenosiri. Watu hubadilisha mmoja, wanausahau wa pili, halafu wanashangaa mbona waliotolewa bado wamo. Kama una kile kifaa cha kusogezea mawimbi mpaka chumba cha nyuma, nacho kiandike, kwa kuwa nacho ni mteja wa ruta na kitahitaji kuambiwa nenosiri jipya kama wengine.

Sasa ruta yenyewe. Ina manenosiri mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowakwamisha wengi. Moja ni la WiFi, lile unalowapa wageni. La pili ni la kuingilia kwenye mipangilio, na hili hakuna mtu nyumbani analolikumbuka. Igeuze ruta uone stika iliyo chini au nyuma. Ifute vumbi taratibu kwa kitambaa kikavu, maana wino wa stika nyingine ukishikwa na maji unakwenda nao, kisha ipige picha. Pale utakuta anwani ya ukurasa, jina la kuingilia na nenosiri lake. Angalia vizuri sifuri na herufi O, moja na herufi l ndogo. Kwenye maandishi madogo yale vinafanana kama mapacha. Ikiwa jina na nenosiri vyote ni "admin", basi hilo nalo linahitaji kubadilishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa yeyote aliye ndani ya WiFi yako anaweza kulikisia na kuingia.

Anwani hutegemea ruta. 192.168.1.1 na 192.168.0.1 ndizo za kawaida, ruta nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na zile za laini ya simu za kampuni hiyohiyo hutumia 192.168.8.1. Stika ikiwa imefutika, fungua mipangilio ya WiFi kwenye simu ya Android, gusa mtandao uliounganishwa, utazame palipoandikwa lango (gateway): ndiyo anwani yenyewe. Iandike juu kabisa kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, usiitafute Google. Zima bando la simu na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwingine) kwanza, kwa sababu simu nyingine ikiwa na njia mbili hupita ile ya bando, na ukurasa haufunguki ng'o. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usiogope. Unazungumza na kifaa kilicho mezani kwako. Ukiwa na laptopu na waya wa LAN, ule wa kuichomeka moja kwa moja kwenye ruta, ni bora zaidi, maana waya haukatiki nenosiri linapobadilika.

Uliza pia kama unaruhusiwa. Kuna watoa huduma wanaofunga ukurasa huo na kutaka ubadilishe kupitia programu yao au kwa kupiga huduma kwa wateja. Bora ulijue hilo mapema, sio ukiwa umeshawatangazia watu.

Na kile kitundu kidogo kilichoandikwa RESET, mbali nacho. Kuzima na kuwasha ruta ni kitu kimoja, kubonyeza kitundu kwa pini sekunde kumi ni kitu kingine kabisa: kunairudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Kwenye faiba hilo laweza kufuta jina na nenosiri la akaunti aliyoingiza fundi siku ya kufunga, na usipokuwa nayo kwa maandishi utamsubiri fundi, naye ana foleni yake. Kama ruta ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, pakua nakala hiyo kwenye laptopu kabla ya lolote.

Nenosiri jipya litunge ukiwa umekaa, usilitunge ukurasa ukiwa wazi mbele yako. Ukiharakishwa utaandika namba yako ya simu, au jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, ambavyo mtaa mzima unavijua. WiFi yenye ulinzi wa aina ya WPA2, ulio kwenye ruta nyingi, inapokea herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo tele. Mimi hupenda maneno manne yasiyohusiana, yote kwa herufi ndogo, mfano wa ukwaju, bati, ngalawa na jumanne yakiunganishwa kwa nukta. (Mfano huu nimeshautangaza, tunga wako.) Urefu ndio unaompa kazi mwizi. Halafu kuna jambo ambalo washauri wa usalama hawalisemi: nenosiri hilo utaliandika kwenye runinga kwa rimoti, herufi moja moja, mshale kulia, mshale chini, sawa. Ukichanganya herufi kubwa na alama za ajabu ajabu, utakapokosea ya kumi na saba utajuta.

Ukiwa humo ndani, tazama aina ya ulinzi. WPA2 ilitoka 2004 na WPA3 ikaja 2018. Ukikuta bado mko kwenye WEP, ulinzi wa kale unaovunjika kirahisi, kubadilisha nenosiri ni kupaka rangi mlango uliooza. WPA3 peke yake inaweza kuvikataa vifaa vya zamani, ndiyo maana ruta nyingi zina chaguo la kuchanganya zote mbili. Zima WPS pia, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri, hasa inayotumia namba ya siri ya tarakimu nane. Tangu 2011 inajulikana kwamba kuikisia kunahitaji majaribio kama 11,000 tu, na kwa kompyuta hiyo si kazi, hata nenosiri lako liwe refu vipi.

Jina la mtandao libaki au libadilike? Likibaki, vifaa vitaendelea kujaribu nenosiri la zamani, na kwenye baadhi ya simu itabidi uchague kusahau mtandao ndipo ikuulize upya. Likibadilika, kila kifaa kitauona kama mtandao mgeni, na hakuna atakayejiuliza kwa nini ule wa zamani umemkataa. Nyumba yenye wazee, mimi nalibadilisha.

Muda nao una wenyewe. Mwenye mkutano, mwenye mtihani wa mtandaoni, mwenye kutuma kazi ya ofisi, waulize. Asubuhi ya siku ya mapumziko ni nzuri, watu wakiwa nyumbani na simu zao ili zote ziunganishwe mara moja. Umeme ukikatika baada ya kuhifadhi, nenosiri halipotei. Ila usichanganye kazi hii na kusasisha programu ya ruta siku ambayo umeme unacheza. Huo ukikatika katikati, ruta inaweza isiamke tena.

Limebaki suala la watu. Kama ulimpa jirani nenosiri mwenyewe, kipindi mwanawe anajiandaa na mtihani, usimkatie bila neno. Mpigie hodi umwambie, "Jirani, leo nabadilisha mtandao, nikimaliza nitakupa ule wa wageni." Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, una nenosiri lake na hauvioni vifaa vya ndani, na ukitaka kuuzima hugusi runinga wala kamera. Wanao nao waambie. Simu ya Android iliyokwisha kuunganishwa inaweza kuonyesha QR ya nenosiri lako, na mara nyingi maneno yenyewe yako chini ya mchoro; rafiki mmoja akipiga picha, kesho yake mnaanza upya.

Ukibonyeza hifadhi, simu yako itakatika hapohapo. Si hitilafu. Usibonyeze tena, usikimbilie kitundu. Subiri dakika moja, unganisha simu moja kwa nenosiri jipya, hakikisha ukurasa wowote wa nje unafunguka, ndipo uende kwa wengine kwa kufuata karatasi yako, ukianza na wasio na mdomo. Ukimaliza, andika manenosiri yote mawili kwa herufi zinazosomeka, uyaweke pasipoonekana na mgeni. Ya kwetu yamebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya sikukuu, na chini yake nimeongeza mstari mmoja: kamera ya getini, akaunti sasa ni ya simu yangu.