Kufunga mwamba Pemba: anza na joto la maji

Katika kazi yangu na kamati za wavuvi za shehia, kosa ninalokutana nalo sana ni kuchagua mwamba wa kufunga, yaani wa kupumzisha usivuliwe, kwa sababu leo unapendeza. Bahari inazidi kupata joto. Tafuta mwamba utakaostahimili.

Hatua ya 1: Kaa na wanaoujua mwamba. Usiite wenye vyombo peke yao. Kina mama wanaochokoa pweza maji ya bamvua yakitoka wanajua kila tundu. Waulize: matumbawe yalipopauka kwa joto mwaka 1998, na tena 2016, wapi palibaki na rangi? Mama mmoja alinichorea mwamba mchangani kwa kijiti, akaweka simbi pale mkondo unapopita. Pale, alisema, maji hayana uvuguvugu hata mwezi wa tatu. Simbi ile ndiyo iliyotuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya 2: Pima. Funga vipimajoto vinavyojirekodi chini kwenye matumbawe, si juu ya maji: kimoja ndani kwenye maji machache, kimoja ukingo wa nje. Viache msimu mzima wa kaskazi hadi Aprili. Matumbawe huwa hatarini joto likizidi kama nyuzi 1 juu ya kawaida ya mwezi wa joto kabisa, likadumu wiki kadhaa. Kwa hiyo hesabu siku, usitazame kilele tu. Ukingo unaotazama mkondo wenye kina huenda ukapata maji ya baridi. Hata hivyo, usifunge sehemu za baridi pekee. Matumbawe ya ndani yaliyozoea joto kupanda na kushuka nayo yana ustahimilivu wake, na hakuna ajuaye msimu ujao utapiga wapi. Bora vipande kadhaa vilivyo mbalimbali, ambavyo mikondo inaweza kupeleka mayai na vichanga kutoka kimoja hadi kingine.

Hatua ya 3: Amua unamlinda nani. Pweza hukua haraka, na umri wake ni mwaka mmoja na kidogo. Ukifunga miezi mitatu, utaona tofauti mkononi. Chewa huchukua miaka kukomaa. Kumfungia miezi mitatu halafu kumfungulia ni kumlisha ili avuliwe. Yeye na pono, anayekwangua mwani ili matumbawe machanga yapate pa kushika, wanahitaji sehemu isiyovuliwa kabisa, kama ile iliyotengwa kwenye kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba.

Hatua ya 4: Weka mipaka. Tumia alama ambazo nahodha anaziona akiwa baharini, pamoja na maboya. Mikoko na majani bahari ya jirani yaingie pia, maana samaki wengi hukulia humo.

Hatua ya 5: Panga siku ya kufungua kabla ya kufunga. Hapa ndipo nilipoona jasho la miezi likiisha asubuhi moja: watu wamejazana, matumbawe yanakanyagwa, wageni wamewatangulia waliolinda. Kubalianeni mapema nani ataingia, kwa zana gani, na kwa siku ngapi. Pimeni kila pweza kwa mizani, mwandike daftarini. Mwaka wa joto kali ukija, someni vipimajoto na daftari hilo pamoja kabla hamjahamisha boya hata moja.